Mlango Unaotazamana na Mlango

Mdogo wangu alikuwa na picha ya nyumba kwenye simu yake, na picha hiyo ndiyo iliyotupeleka Uholanzi. Ilikuwa nyumba ya ghorofa, yenye nguzo nene mbele kama benki, madirisha ya aluminiamu yenye vioo vya bluu na geti la chuma lenye vichwa vya simba. Aliyeichora alikuwa fundi wa Dar es Salaam, akaipandia na minazi miwili pembeni, nikacheka kwa hasira, maana huku kwetu Sumbawanga mnazi ungekufa kwa baridi kabla haujafika magotini. Nyumba hiyo ilitakiwa isimame palepale iliposimama nyumba aliyoijenga marehemu baba. Maana yake ya baba ingebomolewa.

Mimi hasira zangu ziko karibu, hilo hata wanafunzi wangu wanalijua. Nafundisha historia katika sekondari moja hapa mjini, na mtu akinitajia kubomoa kitu cha zamani huwa nasikia masikio yanapata moto. Hii tena ilikuwa nyumba ya baba. Iko nje kidogo ya mji, imeipa mgongo Milima ya Mbizi. Matofali yake baba na mama waliyafyatua wenyewe kule mtoni, wakayachoma, na kuta zikapandishwa na majirani walioitwa kwa pombe ya ulezi. Mama husema ukuta wa mashariki umenyooka kwa sababu ulijengwa asubuhi, na wa magharibi umepinda kidogo kwa sababu ulijengwa mchana, mitungi ikiwa imeshafunguliwa. Kuna mwaka ardhi ilitetemeka, kama inavyotetemeka huku mara kwa mara, ukuta wa upande wa jikoni ukapasuka kutoka juu mpaka chini. Baba alitafuta nondo nene, akaipitisha ukutani, akaikaza kwa nati kubwa na kipande cha springi ya lori bovu kila upande. Ukuta ukatulia, na nondo ipo mpaka leo.

Kwa mdogo wangu ule ufa ndio uliokuwa hoja yake kubwa. Yeye ni fundi wa mashine za baridi, anaishi Leiden, mji wa zamani wa Uholanzi wenye mifereji ya maji katikati ya mitaa. Amekaa huko miaka mingi, na kila akipiga simu alikuwa akisema mama hawezi kuendelea kulala ndani ya nyumba iliyofungwa kwa springi za lori. Mimi namjibu kuwa springi hiyo ina akili kuliko mchoraji wake wa minazi. Tunakatiana simu. Kisha kila mmoja wetu anampigia mama ili amvutie upande wake, na mama anatujibu sote jibu moja.

"Ongeeni nyie wenyewe," anasema.

Mimi nikaamini mama ananyamaza kwa uchungu wa nyumba ya mume wake. Mdogo wangu akaamini ananyamaza kwa kuniogopa mimi. Tukaendelea hivyo mpaka akatutumia tiketi, mimi na mama, tuende kumtembelea wakati wa likizo ya Juni. Alisema anataka mama aone anapoishi. Nilijua anataka kutulainisha, lakini na mimi nikala njama yangu kimyakimya. Nilitafuta habari za Leiden, nikaona mji wenyewe umejaa majumba ya karne na karne ambayo watu bado wanalala ndani yake. Nikasema vizuri sana, nitamtembeza huyu bwana katika mji wake mwenyewe, jengo kwa jengo, mpaka aone aibu.

Uwanja wa ndege alikuja kutupokea na rafiki yake, Mtanzania wa Tanga. Aliposikia tumetoka Sumbawanga akauliza kwa nini tumepoteza hela za tiketi wakati ungo upo. Utani huo tumeuzoea. Mtu wa Sumbawanga akienda popote Tanzania lazima aulizwe habari za uchawi kabla ya kuulizwa habari za safari. Mama akamjibu kwa upole kwamba ungo wake haukubali mizigo, na alikuwa na unga wa ulezi, karanga na dagaa wa Kirando. Dagaa hao walinuka kwenye gari mpaka Leiden, na yule kijana wa Tanga akaomba kidogo.

Kesho yake nikaanza kazi. Tulitembea kando ya mfereji, mimi na mdogo wangu mbele, mama nyuma amejifunga kitenge juu ya sweta, mkononi kikapu chake kidogo alichokataa kukiacha nyumbani. Nyumba zilikuwa nyembamba, ndefu, za matofali mekundu, zimebanana bega kwa bega, na baadhi zimeinama mbele kama mtu anayechungulia maji. Halafu nikaviona. Katika kuta nyingi kulikuwa na vyuma vyeusi vimebandikwa kwa nje, vingine vimenyooka, vingine vimekunjwa kwa mapambo. Nikamuuliza mdogo wangu ni vya nini, ingawa nilikuwa nimeshasoma.

"Vinashika ukuta na boriti za ndani," akasema. "Ukuta usifunguke."

"Kama nondo ya baba."

"Dada, hawa wana mafundi wa kukarabati kila mwaka. Nyumba ya baba ina mchwa."

"Na hii mbele yetu ina maji mlangoni. Mbona hawajaibomoa?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu, ameweka kiganja ukutani. Nilimwona anapapasa matofali, nikajua, au nilidhani najua, anamkumbuka baba. Nilifurahi sana moyoni. Nikahesabu ushindi wa kwanza.

Tulipanda ngome ya zamani, ambayo ni kilima cha duara kilichojengwa na watu, juu yake ukuta wa mviringo wenye matundu ya kuchungulia. Kwa mtu aliyezaliwa uwanda wa Ufipa kilima kile ni kichuguu, na mama alisema hivyo, lakini kule nchi yote ni bapa, kwa hiyo ukisimama juu yake unaona mapaa, minara na mifereji yote. Mdogo wangu alimwonyesha upande anaofanyia kazi. Mama akauliza mashamba yako wapi. Akauliza tena, hao wote chini ya mapaa hayo wanafahamiana? Mdogo wangu akacheka, akasema, "Mama, mimi jirani yangu wa ukuta mmoja simjui jina." Mama hakucheka. Wakati huo sikulitilia maanani, nilikuwa nashughulika kuwaeleza umri wa ule ukuta.

Kwenye kinu cha upepo mama alichangamka. Tulipanda ngazi nyembamba ndani yake, tukaona mawe ya kusagia na vyumba alivyokuwa akiishi msagaji na familia yake, na mama akashika kila kitu kilichoruhusiwa kushikwa na vingine ambavyo havikuruhusiwa. Alitaka kujua upepo ukikata siku kadhaa, watu walikuwa wanakula nini. Mimi na mdogo wangu tukatazamana. Kwa mara ya kwanza tangu tufike tukacheka pamoja.

Kanisani ndiko nilikopata nguvu mpya. Lilikuwa kanisa kubwa la zamani, limejengwa zamani za Ukatoliki, na siku hizi halisaliwi tena. Hukodishwa kwa hafla. Tulikuta watu wanapanga meza ndefu na kukunja vitambaa. Mama aliingia, akatafuta kwa macho ile taa nyekundu inayowaka penye Sakramenti ili apige goti, akatazama huku, akatazama kule, hakuiona. Akabaki ameinama nusu, hajui amalizie au ainuke. Halafu akatazama chini na kuona maandishi kwenye mawe ya sakafu.

"Haya ni nini?" akaniuliza.

"Makaburi, mama. Zamani walikuwa wanazika ndani ya kanisa."

Mama akavua viatu papo hapo. Akavishika mkononi pamoja na kikapu, akasogea mpaka ukutani, akaanza kutembea pembezoni kwa soksi, akitafuta jiwe lisilo na jina. Wale waliokuwa wanapanga meza wakasimama kumtazama. Mdogo wangu akamfuata kwa aibu.

"Mama, kila mtu anakanyaga. Hawa wamekufa zamani sana."

"Kwani mtu akifa zamani anaacha kuwa mtu?"

Nilimwangalia mdogo wangu usoni kwa jicho la ushindi, lile tunalotumia tangu utotoni. Nikamwambia tukiwa tunatoka, "Umemsikia? Na wewe unataka kupitisha greda kwenye sebule aliyolazwa baba siku ya msiba." Akanijibu kwa ukali kwamba mimi naishi kwenye nyumba ya mwalimu yenye maji ya bomba, mama ndiye anayebeba ndoo. Tulibishana hivyo mtaa mzima, kwa Kiswahili, halafu kwa Kifipa hasira zilipozidi. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi anavaa viatu.

Geti moja tuliliona kwa bahati tu, tukiwa tumechoka na tumenuniana. Lilikuwa wazi, la mbao, fupi kiasi kwamba mdogo wangu aliinama kuchungulia. Ndani kulikuwa na ua wa mraba wenye majani mafupi na maua, katikati pampu ya maji ya chuma, na kuzunguka ua huo nyumba ndogondogo zilizounganika, kila moja na mlango wake mmoja na dirisha moja, milango yote ikitazama katikati. Mdogo wangu alizijua. Alisema mjini kuna nyua nyingi za namna hiyo. Zamani matajiri waliokaribia kufa walikuwa wanaacha mali ili zijengwe nyumba kama hizo kwa ajili ya wanawake wazee wasio na mtu, na nyingi zinakaliwa mpaka leo. Pembeni ya geti palikuwa na kibao. Akatusomea: wageni wanaruhusiwa kuingia, wawe kimya, wasisogelee milango.

Mama akagoma getini.

"Tuingie uani kwa watu," akasema, "tuangalie, tutoke, bila kuwasalimia?"

"Ndivyo wanavyotaka, mama. Kibao kimesema."

"Kibao siyo mwenye nyumba."

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo mtu wa Ufipa haelezwi. Kwetu huwezi kusimama katika ua wa mtu ukazungusha macho kisha ukaondoka. Ua ni ndani. Unamtafuta mwenyewe, unachuchumaa, unapiga makofi taratibu ya salamu, unaulizana habari za nyumbani, ndipo macho yako yanakuwa halali. Anayeangalia ua bila kusalimia atafikiriwa alikuja kuchukua kitu, au kuacha kitu. Na ukiwa umetoka Sumbawanga hasa, hutaki mtu abaki na swali hilo.

Basi mama akaingia, lakini hakusimama karibu na pampu kama wageni wengine wawili waliokuwa wanapiga picha. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango uliokuwa wazi, ambapo mwanamke mzee mwenye nywele nyeupe fupi alikuwa amekaa karibu na dirisha anamenya viazi. Mama akageuka kwangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ananizidi umri, siyo?" Nikasema naona hivyo. Akaweka kikapu chini, akachuchumaa mbele ya kizingiti, akapiga makofi taratibu, akasema, "Shikamoo."

Mdogo wangu alishika kichwa. Yule bibi akaacha viazi, akasimama mlangoni na kisu mkononi, akatuangalia sisi watu watatu. Mama alikuwa bado amechuchumaa, anasubiri. Ikabidi mdogo wangu aseme. Nilimwona anatafuta maneno ya Kidachi huku jasho linamtoka, akieleza kwamba huyu ni mama yake, anatoka mbali, ameona si vizuri kutazama ua bila kumwamkia mwenyewe, na anaomba radhi.

Yule bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, mdogo wangu akatutafsiria, kwamba watu wanapita pale kila siku kupiga picha maua yake, na amekwisha kuzoea kutazamwa kama maua hayo. Akaweka kisu ndani, akatoa viti.

Tulikaa mbele ya mlango wake. Alituletea kahawa na bati la biskuti, kila mtu akachukua moja, kisha akafunga bati. Mama alilitazama lile bati likifungwa, akanitazama na mimi. Akafungua kikapu chake, akamwaga karanga za kukaanga kwenye sahani mpaka zikajaa zikamwagika mezani. Yule bibi akala moja, akala nyingine, akavuta sahani karibu, na baada ya muda bati la biskuti likafunguliwa tena.

Mama akauliza anaishi na nani. Bibi akasema peke yake, tangu mume wake afariki. Watoto wako miji mingine. Mama akatikisa kichwa. Akauliza, "Ukiumwa?"

Bibi akanyoosha mkono kuzunguka ua. Akasema hapa kila mtu hufungua pazia lake asubuhi. Pazia la mtu likichelewa kufunguka, jirani yeyote anayeliona anakwenda kugonga. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, waliikuta ipo. Yeye mwenyewe aligongewa majira ya baridi yaliyopita, akakutwa na homa hawezi kuinuka.

"Hebu rudia hapo," mama akamwambia mdogo wangu.

Akarudia. Mama akaangalia milango ya ule upande mwingine, pazia moja moja. Kikombe kilikuwa kimepoa mkononi mwake.

"Mwambie," akasema, "na mimi nilianguka."

Mdogo wangu akageuka. "Ulianguka lini?"

"Mwambie kwanza yeye."

Akamwambia. Mama akaendelea kwa Kifipa, polepole, anamtazama yule bibi na siyo sisi, na mdogo wangu akawa anatafsiri kila kipande. Ilikuwa msimu uliopita, wakati wa kupura ulezi. Jioni alitoka kuleta kuni, akateleza karibu na jiko la nje, nyonga ikagoma. Aliita, lakini upepo wa Mbizi ulikuwa unavuma kwa nguvu na jirani wa karibu yuko ng'ambo ya shamba. Alijifunika gunia lililokuwa karibu. Alikaa pale chini mpaka asubuhi alipopita muuza maziwa na baiskeli yake. Alimwapisha yule kijana asiseme kwa mtu.

"Simu ilikuwa inaita ndani," mama akasema. "Inaita, inakata. Inaita tena. Nilijua ni nyie."

Mdogo wangu alianza kulitafsiri hilo, akaishia katikati. Yule bibi hakuhitaji limaliziwe. Aliweka mkono wake kwenye goti la mama.

Mimi niliikumbuka ile jioni. Nilikuwa nimepiga kumweleza mama kuhusu ule mchoro mpya wenye minazi, ili akasirike pamoja nami. Mdogo wangu naye alikuwa amepiga kumwelezea vioo vya bluu. Kesho yake mama alituambia simu iliisha chaji. Nililia pale uani, mbele ya kile kibao kinachotaka watu wawe kimya, na sikujaribu kujizuia.

Mama alitusubiri tutulie. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, kwa ile sauti yake ya siku zote ya kugawa kazi za shamba. "Nyie mmebishana habari ya kuta tangu baba yenu afe. Mmoja anataka za zamani, mmoja anataka mpya. Mimi kuta ninazo za kutosha. Nataka mlango unaotazamana na mlango wa mtu."

Tulipoaga, bibi alitusindikiza mpaka getini. Mama akamwalika Sumbawanga, kwa dhati kabisa, akamweleza asije wakati wa masika kwa sababu ya matope.

Mdogo wangu aliifuta ile picha ya ghorofa kwenye simu usiku huohuo, bila kuombwa. Kiangazi kilichofuata akaja mwenyewe, akavaa ovaroli, akajenga na mafundi ule ua alioutaka mama. Nilidhani basi mimi nimeshinda, nyumba ya baba imepona. Nilipofika Jumamosi moja kukagua nikakuta mlango wa mbele, ule unaotazama barabara, umeshazibwa kwa matofali, na dirisha la chumba alichokuwa analala baba limebomolewa mpaka chini ili liwe mlango wa kutokea uani. Mparachichi aliopanda baba ulikuwa umelala chini, umekatwa, maana palepale ndipo msingi wa vyumba vipya ulipopita. Nilipandisha hasira zote za ukoo wetu. Nilimwuliza mama kwa nini hakuwaambia wakwepe kidogo tu.

Mama alikuwa anachota maji ya zege. "Baba yenu hakujenga makumbusho," akasema. "Shika ndoo hiyo."

Nikashika ndoo. Mdogo wangu alikuwa juu ya ngazi upande wa jikoni, anaipaka rangi nyeusi ile nati ya baba na kipande cha springi, taratibu, kwa brashi ndogo, kama vile vyuma vya kule Leiden. Nilikuwa bado na hasira, lakini nilimshikilia ngazi.

Sasa pana milango mitatu. Wa mama, katika nyumba ya zamani iliyonyooka mashariki na kupinda magharibi. Wa shangazi yetu, dada wa marehemu baba, mjane, aliyekuwa akiishi peke yake Kaoze kule bondeni na kulalamikia joto. Sasa yuko hapa juu analalamikia baridi. Wa tatu ni wa mama mmoja wa Mbeya, mjane pia, aliyeuza mitumba sokoni miaka mingi na kupanga chumba nyuma ya stendi. Yeye ni Mmoraviani, na mama na shangazi ni Wakatoliki wa kufa na kupona, kwa hiyo Jumapili jioni ua huo unakuwa na mabishano ya dini yanayonifanya nione ubishi wangu na mdogo wangu ni mchezo wa watoto. Katikati kuna bomba la maji, na mama amepanda maua ambayo mbuzi wa jirani wanayapenda sana.

Mapazia waliyakataa. Mama wa Mbeya alisema pazia mtu anaweza kulisahau, lakini mwanamke gani aliyelelewa akalelewa vizuri atasahau kufagia? Wakaugawa ua sehemu tatu. Asubuhi kila mtu anafagia mbele ya mlango wake mpaka kwenye bomba. Jua likishatoka na sehemu ya mtu haijafagiwa, wengine wanakwenda kugonga.

Mwezi uliopita mama alikwenda Kirando kwenye ubatizo wa mjukuu wa ndugu yake, akaniomba nilale kwake nimwangalizie kuku. Nilikuwa nimesahihisha mitihani wiki nzima. Ijumaa ile nililala kwenye chumba cha baba, kwenye kitanda cha baba, nikalala usingizi ambao sijaupata tangu niwe mwalimu. Nilichoamshwa nacho ni mlango kugongwa kwa nguvu, halafu dirisha, halafu tena mlango, na sauti ya shangazi inaita jina langu la utotoni.

Nilifungua nikiwa na kitenge kifuani. Walikuwa wamesimama wote wawili kizingitini, shangazi na fimbo yake ya kutembelea, mama wa Mbeya na shoka. Shoka lilikuwa la kuvunjia mlango, nilikuja kuelewa baadaye. Shangazi alikuwa anahema, kilemba kimekaa upande.

"Uko mzima?" akauliza.

"Niko mzima. Shikamoo, shangazi. Nilipitiwa na usingizi tu."

Hakuitikia shikamoo yangu mara moja. Alinishika mkono, akanigeuza kidogo kwenye mwanga, akaniangalia miguu, akaniangalia uso, kama anavyokaguliwa mtoto aliyeanguka kwenye mti. Ndipo akaitikia. Mama wa Mbeya aliegemeza shoka ukutani, akatoa simu kwenye khanga, akampigia mama kule Kirando. "Mzima," akamwambia. "Alikuwa amelala." Nikasikia kicheko cha mama kwa mbali, na kelele za watu wa ubatizo nyuma yake.

Kisha shangazi akanionyesha kwa fimbo kipande cha ua kilichokuwa mbele yangu, chenye majani makavu na mavi ya kuku, katikati ya vipande viwili vilivyong'aa kwa usafi. Nikachukua ufagio wa mama nyuma ya mlango. Wao wakarudi kila mmoja kwake, wakakaa kwenye vizingiti vyao na chai, wakaniangalia nikiinama na kufagia kutoka kwenye mlango wa baba mpaka nilipofika kwenye bomba.